Pima nyumba kwanza, antena baadaye

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata. Watu wengi walidhani siku hiyo televisheni ya bure imezikwa. Haikuzikwa. Mawimbi bado yanapita juu ya mapaa yetu usiku na mchana, na anayeishi karibu na mnara anaweza kuyanasa akiwa sebuleni kwake. Kinachoniuma ni kuona watu wenye kipato kidogo wakinunua antena ya pili, kisha ya tatu, ilhali tatizo liko kwenye bati na ukuta. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi katika kazi yangu ya ufundi.

Fundi, nimepanga chumba Mbagala. Nataka antena ndogo ya ndani nione taarifa ya habari na mechi za Taifa Stars. Ninunue ipi?

Usinunue kwanza. Tafuta waya wa antena wa mita mbili au tatu, ule mnene wenye uzi wa shaba katikati na wavu wa nyuzi kuuzunguka. Ncha moja ifunge pini ya kuingia kwenye king'amuzi. Ncha ya pili menya sentimita 15: ondoa ganda la nje, wavu na karatasi ya fedha, ubakishe plastiki nyeupe na uzi wa shaba ulio ndani yake. Hiyo tayari ni antena. Ining'inize dirishani, kisha tafuta chaneli upya.

Kipimo cha sentimita 15 kina sababu. Televisheni ya ardhini kwetu inatumia zaidi masafa ya megahezi 470 hadi 694, na mawimbi yake yana urefu wa kati ya sentimita 64 na 43. Uzi ulio na robo ya urefu wa wimbi hulipokea vizuri, na 15 ni robo ya 60.

Sasa fungua kwenye menyu ya king'amuzi ukurasa unaoonyesha mistari miwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Wengi huangalia nguvu. Wewe angalia ubora, maana nguvu inaweza kuwa kubwa ilhali kilichojaa ni kelele tupu. Ubora ukitulia na picha isigande jioni nzima, antena yoyote ya ndani ya bei ndogo itakutosha. Picha ikija pale tu unapoutoa waya nje ya dirisha, nyumba yako inazuia mawimbi, na unahitaji antena ya nje. Na kama hata nje ubora unabaki sifuri, hakuna antena ya ndani itakayokusaidia, hata iwe ya bei gani.

Niliiona moja Kariakoo, boksi limeandikwa kilomita 200, 4K, tena ya kidijitali. Ni kweli?

Hapana. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na dunia ni mviringo, kwa hiyo kuna mahali yanapita juu ya kichwa chako na kupotelea angani. Hesabu yake si ngumu. Mnara wa mita 100 unafika takriban kilomita 41 hadi kwenye upeo wa macho ya mawimbi. Antena iliyo mita 4 kutoka ardhini inaongeza kilomita 8. Jumla ni kama 49, tena pasipo na mlima wala majengo katikati. Ili upate kilomita 200 ukiwa na antena hiyohiyo, mnara ungepaswa kuwa na urefu unaozidi kilomita 2. Jengo refu kuliko yote duniani, Burj Khalifa la Dubai, lina mita 828. Kituo kilichojengwa juu ya mlima mrefu hufika mbali zaidi, lakini hapo sifa ni ya mlima, si ya boksi.

Maneno "kidijitali" na "4K" hayana maana yoyote kwenye antena. Antena hunasa wimbi tu. Kufasiri picha ni kazi ya king'amuzi. Ndiyo maana ile antena ya zamani iliyoko juu ya paa, yenye vijiti vifupifupi vya masafa haya, bado inafanya kazi. Usiiuze kwa mnunua vyuma chakavu. Badilisha waya wake ulioliwa na jua, ikague, uitumie.

Nyumba yetu ina bati, madirisha yana nondo, na dari ni ya jipsamu. Niiweke wapi?

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kuliko kuchagua aina ya antena.

Jipsamu haina shida, mawimbi yanapita. Bati ni ukuta wa chuma juu ya kichwa chako, linayarudisha yanakotoka. Kwa hiyo usiipandishe antena darini ukidhani juu ndiko kuzuri. Nafasi iliyo kati ya dari na bati ni gereza. Njia ya mawimbi ni dirisha, na liwe dirisha linaloelekea kwenye mnara. Uliza majirani wenye antena za nje zinazoshika vizuri, tazama zimeelekezwa wapi, nawe elekea hukohuko.

Nondo zinahitaji kuangaliwa kwa makini. Kama zimeachana kwa upana wa kiganja, tena zimesukwa kwenda juu na kwenda kando, wimbi la nusu mita linapita kwa taabu sana. Zikiwa za mkao mmoja tu, hali ni nafuu. Wavu wa mbu wa plastiki hauna neno. Wa waya unazuia vibaya. Vioo vyenye rangi ya kung'aa kama fedha navyo vina utando wa chuma, na nimeviona vikiua mawimbi katika fleti nzuri za ghorofa ambazo mnara unaonekana kwa macho.

Ukishapata dirisha, sogeza antena kidogokidogo. Ndani ya chumba mawimbi yanagonga kuta na kurudi, yanakutana. Mahali pengine yanaongezana, pengine yanauana. Sentimita 20 au 30 zinaweza kutenganisha picha safi na chenga. Geuza pia mkao: jaribu imelala, kisha imesimama, kwa sababu kuna minara inayorusha mawimbi yaliyolala na mingine yaliyosimama. Kazi hii ifanywe na watu wawili, mmoja antenani, mwingine akisoma mstari wa ubora.

Pasipofaa kabisa ni nyuma ya televisheni. Ndipo wengi wanapoiweka kwa kuwa waya wa kiwandani ni mfupi. Nunua waya mrefu wa ohm 75, ulionyooka bila viungo.

Je, busta itasaidia?

Mara chache, na si kwa namna watu wanavyofikiri. Busta haichagui: inakuza wimbi pamoja na kelele iliyokuja nalo. Ubora ukiwa mbovu kabla ya busta, utabaki mbovu baada yake, kwa sauti kubwa zaidi. Inafaa pale ambapo antena imepata ubora mzuri lakini waya ni mrefu, au unagawa kwa televisheni mbili. Hapo ifungwe karibu na antena, kabla nguvu haijapotea njiani.

Ukiwa karibu na mnara, busta inaharibu. King'amuzi kinazidiwa, chaneli zinapotea, na mteja anakwenda kununua busta kubwa zaidi! Kuna na simu: mitandao ya 4G inatumia pia masafa ya megahezi 700 na 800, ambayo antena nyingi za zamani zilitengenezwa kuyapokea. Mnara wa simu ukiwa jirani, busta inabeba vyote. Nikiitwa nyumbani kwa mtu, jambo la kwanza ni kuchomoa busta na kuangalia ubora bila yenyewe.

Antena yangu ina busta ndani lakini sioni waya wa umeme.

Umeme wake, volti 5, unapanda kupitia waya uleule wa antena. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, tafuta sehemu ya umeme wa antena, uuwashe. Antena isiyo na busta, uuzime.

Nina televisheni ya mtumba kutoka Japani. Mbona haishiki chochote?

Japani wanatumia mfumo wao, nasi tunatumia DVB-T2, kwa hiyo haitashika kamwe bila king'amuzi cha nje. Ya Marekani ni hivyohivyo. Ya Uingereza angalia lebo: nyingi za zamani ni DVB-T bila ile 2. Usilaumu antena.

Shemeji yangu Mombasa anapata chaneli nyingi bila king'amuzi cha kampuni. Mimi Dar, kwa televisheni yenye DVB-T2, napata chache.

Kenya kuna mitambo inayorusha chaneli za bure bila kuzifunga, kama ule wa Signet wa shirika la KBC, hivyo televisheni yenye DVB-T2 inazishika moja kwa moja. Kwetu, chaneli iliyofungwa inafunguliwa na king'amuzi cha mwenye mtambo tu. Antena nzuri inaleta mawimbi, haifungui kufuli.

Mvua ikinyesha picha inaganda. Ni antena?

Mvua yenyewe haigusi sana masafa haya; anayeteseka nayo ni mwenye dishi. Chunguza maji kwenye pini za nje, na mti wenye majani mabichi ulio kati yako na mnara.

Mwisho, dukani nifanye nini?

Chagua antena isiyo na busta, yenye waya mrefu au tundu la kuunganisha mwingine. Dai risiti, na mkubaliane na muuzaji kabla ya kulipa kwamba isiposhika utairudisha. Ijaribu jioni ileile, kwenye dirisha lilelile ulilopimia kwa uzi wa shaba. Isipoushinda uzi huo, irudishe kesho yake asubuhi.