SOMO LA AFYA: Mtoto Akikohoa, Pumzi Zihesabiwe Kabla ya Dawa

Msimu wa baridi ukifika na ukungu kutanda kwenye vilima vya Kalama, kina mama hupanga foleni zahanati na watoto wanaokohoa. Wengi wa watoto hao wana mafua ya kawaida, yanayopona bila antibiotiki. Wachache wana nimonia, na hao hawana muda wa kupoteza. Kazi ya mhudumu ni kuwatambua hao wachache kwa kufuata mwongozo wa kitaifa wa matibabu ya watoto.

Mwongozo unasema nini?

Mhudumu huhesabu pumzi kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia na kifua kikionekana. Pumzi ni za kasi zikifika:

• 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
• 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5.

Tuchukue mfano wa watoto wawili wanaokohoa, mmoja wa miezi 8 na mwingine wa miezi 14. Kila mmoja anapumua mara 46 kwa dakika. Wa miezi 14 ana nimonia na anahitaji dawa. Wa miezi 8, ikiwa kifua chake hakiingii ndani anapovuta pumzi na hana dalili ya hatari, hana nimonia. Bila kuhesabu, ni rahisi kuwapa wote wawili dawa ile ile, au kuwarudisha wote nyumbani mikono mitupu.

Sindano au vidonge?

Zamani, mtoto ambaye kifua chake kinaingia ndani alilazwa na kudungwa sindano. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo huo mwaka 2014, na Kenya ikafuata mwaka 2016. Sasa mtoto kama huyo, asipokuwa na dalili za hatari, hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza. Utafiti uliohusisha watoto 527 katika hospitali sita za humu nchini ulionyesha kuwa matibabu yalishindwa kwa takriban watoto 8 kati ya 100, iwe walipewa dawa ya kumeza au sindano. Kwa hivyo mzazi asidhani amepunjwa mtoto asipodungwa. Mtoto mwenye utapiamlo mkali au virusi vya Ukimwi huhitaji uangalizi zaidi.

Mwongozo ukibaki kwenye droo

Kuchapisha mwongozo hakutoshi. Utafiti uliofanywa katika hospitali nane za wilaya nchini na kuchapishwa mwaka 2011 ulilinganisha makundi mawili. Hospitali nne zilipewa mafunzo kamili, usimamizi wa mara kwa mara na mtu wa kuwakumbusha wahudumu papo hapo. Nyingine nne zilipata maandishi na mafunzo mafupi. Baada ya miezi 18, kundi la kwanza lilikamilisha wastani wa asilimia 94 ya hatua za kumchunguza mtoto anapolazwa. La pili asilimia 65. Hatua iliyorukwa huenda ndiyo ingeonyesha kwamba mtoto anahitaji oksijeni.

Wajibu wako, mzazi

Una haki ya kuuliza kwa heshima: “Daktari, pumzi zake ni ngapi? Ana nimonia? Dawa hii ni ya siku ngapi?” Ukipewa amoksilini, mpe mtoto hadi siku ya mwisho uliyoelekezwa, hata akichangamka mapema. Mrudishe kliniki siku uliyoambiwa.

Usingoje kukuche ikiwa mtoto:

• hawezi kunyonya au kunywa;
• anatapika kila kitu;
• amepata degedege;
• amelegea au hazinduki;
• anakoroma kwa shida ya kupumua, au midomo imegeuka rangi ya samawati.

Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua kwa kasi, yaani mara 60 au zaidi kwa dakika, apelekwe hospitalini mara moja. Kutoka Kola au Muumandu hadi mjini Machakos ni safari, na usiku magari ni haba. Panga mapema utakayempigia simu.