Fedha za mchoro wa ukutani Kondoa

*Kikundi chetu cha vijana kinataka kuchora ukuta wa stendi kuonyesha michoro ya mapangoni Kolo. Tumeambiwa hakuna bajeti. Tuanzie wapi? Msomaji, Kondoa*

Bajeti kukosekana si mwisho wa wazo. Michoro ya miambani ya Kondoa imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006, hoja nzito mbele ya mchangiaji yeyote. Kinachokwamisha michango mara nyingi ni wasiwasi: watu hawajui kazi itagharimu nini wala nani anashika hela.

Kwanza hutafutwa kibali cha maandishi cha mwenye ukuta. Kisha fundi hupima, na gharama huandikwa moja moja: plasta pale palipobomoka, rangi ya msingi, rangi za nje, mirunda ya jukwaa, ujira wa msanii na akiba ya kurudishia rangi. Hiyo akiba ndiyo husahaulika, na kuta nyingi hubabuka kwa sababu hiyo. Akaunti iwe ya kikundi, yenye watia saini zaidi ya mmoja.

Harambee hunoga kipande cha mfano kikishachorwa, hata swala mmoja tu mwekundu. Wenye maduka waombwe vifaa. Ndoo ya rangi hutoka upesi kuliko pesa taslimu. Mkopo wa halmashauri kwa vijana haufai hapa: hurejeshwa, na ukuta hauingizi kitu.

Afisa utamaduni ashirikishwe mapema. Na kama kuna mpango wa kuweka chochote Kolo kwenyewe, wasimamizi wa malikale waulizwe kabla ya senti moja kukusanywa.