Linda Pesa Zako Unapolipa kwa Mtandao

Kwa mama anayeuza mgongo wazi Obunga, simu moja hubeba biashara nzima: wateja humlipa kwa M-Pesa, naye huweka akiba benki na kulipia ada za serikali kwa simu hiyo hiyo. Tapeli akiingia humo, mtaji umekwenda. Zingatia haya kila unapofungua benki au kulipa kupitia kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama vile Chrome, Opera au Firefox.

1. Soma anwani hadi mwisho. Tovuti za serikali ya Kenya huishia na go.ke, kwa mfano ecitizen.go.ke na kisumu.go.ke. Anwani ikianza na kisumu.go.ke, kisha ikafuata nukta na maneno mengine, hiyo si ya kaunti. Ifunge.

2. Kufuli si hakikisho. Alama ya kufuli au herufi https huonyesha kuwa unachoandika kinafichwa njiani, asikisome mtu mwingine aliye kwenye Wi-Fi hiyo. Haionyeshi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata matapeli huipata.

3. Usibonyeze kiungo cha SMS. Ujumbe wa "lipa leo la sivyo utafungiwa biashara" unakutisha ili usifikirie. Andika anwani mwenyewe, au tumia programu rasmi ya benki yako.

4. PIN ya M-Pesa haiandikwi kwenye tovuti. Ukilipa mtandaoni, kidirisha hujitokeza kwenye simu yako kikionyesha kiasi na jina la anayelipwa. Soma vyote viwili kwanza. Kikijitokeza na hukuomba kulipa chochote, kikatae.

5. Usifungue benki kwenye saiba. Dirisha la faragha hufuta historia ukilifunga, lakini haliwezi kuzuia programu ya kijasusi iliyowekwa kwenye kompyuta hiyo kunasa neno lako la siri. Ikibidi utumie saiba, ondoka kwenye akaunti yako, kisha ubadilishe neno la siri ukitumia simu yako.

6. Sasisha kivinjari. Masasisho huziba mianya ambayo wezi tayari wanaijua. Yachukue Play Store pekee, kamwe si kwenye tangazo linalojitokeza ghafla.

Ukishatapeliwa

Usingoje hadi kesho. Pigia benki au kampuni yako ya simu mara moja waizuie akaunti, kisha upige ripoti kituo cha polisi. Kwa wateja wa Safaricom, SMS ya utapeli hutumwa 333 bila malipo. Ukiwa umekosea namba ulipotuma pesa, tuma ujumbe wa muamala huo kwa 456.

Wasomee pia wazee walio nyumbani. Wao pia hupigiwa simu, na wasipojua PIN ni siri, wataitaja.