Siku mbili Dar es Salaam

Swali: Mimi na mke wangu tunakuja Dar kwa SGR kutoka Dodoma, Jumamosi na Jumapili. Tutembelee wapi?

Jibu: Jumamosi wahini soko la samaki la Feri asubuhi na mapema, mnada ukiwa umechangamka. Kisha nendeni Makumbusho ya Taifa, mjifunze habari za Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Alasiri, jua likipoa, vukeni kwa pantoni hadi Kigamboni: nauli ni ndogo, na mandhari ya mji kutoka majini ni ya kupendeza mno. Jumapili pandeni boti Masaki mwende kisiwa cha Bongoyo mkaogelee. Kisiwa kimo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo wekeni akiba ya ada ya kuingilia. Msiongeze ratiba zaidi ya hapo. Joto na foleni za Dar huchosha.