Elimu kwa Wananchi: Udongo Unaonasa Mafuta na Viuatilifu Majini

Maji ya kisima yakiingiwa na oili chafu au viuatilifu, kuyachemsha hakutoshi. Moto huua vimelea vya magonjwa, lakini viuatilifu vingi hubaki, na maji yanapopungua kwa mvuke sumu huzidi kukolea.

Miongoni mwa njia za kuondoa uchafu huo ni udongo uliorekebishwa. Hutengenezwa kwa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi wenye matabaka membamba mno. Katikati ya matabaka hayo hukaa chembe za sodiamu au kalisi. Kwa asili, udongo huu hupenda maji na kuyakataa mafuta. Viwandani, chembe hizo hubadilishwa kwa kemikali za jamii ya amonia zenye mikia mirefu inayofanana na mafuta. Hapo tabia ya udongo hugeuka: hunasa mafuta, benzini iliyomo katika petroli na baadhi ya viuatilifu, na kuyaacha maji yapite.

Hata hivyo, udongo huo hauchukui nafasi ya dawa ya kuua vimelea, na ukishajaa uchafu hauna budi kubadilishwa na kuteketezwa kwa utaratibu wa taka hatarishi. Udongo wa kawaida wa kufinyangia vyungu hauwezi kufanya kazi hiyo.

Mwananchi anayeona utando wa mafuta au kusikia harufu ya petroli kisimani anashauriwa kuacha kuyatumia maji hayo na kutoa taarifa mara moja katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata, ili yapimwe. Aidha, oili chafu na makopo ya viuatilifu yasitupwe karibu na vyanzo vya maji. Kinga ni bora kuliko tiba.