Chanjo ni ya bure, bili ni ya nini?

Swali: Daktari, binti yangu ana miaka 11. Kliniki ya kibinafsi hapa Kawangware inataka nilipie chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na SHA, bima ya afya ya serikali, nalipa. Nalipia nini tena?

Jibu: Mama, muulize nesi kwanza: dozi hii imetoka wapi? Tangu Oktoba 2019 serikali huwapa wasichana chanjo hii bure, na kliniki za kibinafsi zilizosajiliwa huichukua kwenye bohari ya serikali. Ikiwa ni hiyo, bei ya dawa haipo. Kunabaki mshahara wa nesi na stima ya friji, ambayo haifai kupita nyuzi 8 hata tokeni zikiisha usiku wa manane. Gharama kama hizo ndizo Hazina ya Afya ya Msingi, iliyo chini ya SHA, ilikusudiwa kubeba, lakini kwa kliniki zenye mkataba nayo. Isiyo na mkataba hukugeukia wewe. Shilingi chache za huduma mimi sizigombi. Bili ya maelfu? Hapo huenda dozi imenunuliwa sokoni. Kama una bima ya kazini, piga simu uulize kabla ya sindano, si baada. La sivyo, mpeleke kituo cha serikali, Kituo cha Afya cha Riruta.