Breki Mpya kwa Gari la Zamani

Wenye magari ya zamani wengi huondoa breki za ngoma za mbele na kufunga za diski. Hatupingi, diski hupoa upesi mteremkoni, kama ule wa kushukia daraja la Rusumo. Lakini ngoma hujikaza yenyewe gurudumu linapozunguka. Diski haijikazi, hivyo huhitaji shinikizo kubwa zaidi la mafuta. Ukiacha masta silinda ya zamani bila busta, pedali huwa nzito na gari huchelewa kusimama. Fundi na avilinganishe vyote, aweke mipira na mafuta mapya ya breki, atoe upepo wote. Kisha gari lijaribiwe mahali patupu, bila abiria. Tunawasihi: msivuke mpaka kabla ya jaribio hilo.